Kizunguzungu cha Kugeuka Kitandani

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati, Horohoro

Leo tutazungumza juu ya kizunguzungu. Wengine hukiita kisunzi. Hatutazungumzia kila kizunguzungu, maana viko vingi. Tutazungumzia kile kinachomkamata mtu akigeuka kitandani.

Mtu amelala vizuri. Alfajiri anageukia upande wa kulia. Ghafla paa la nyumba linaanza kuzunguka. Kitanda nacho kinazunguka. Anashika mfumbati kwa mikono miwili asije akaanguka. Anasikia kichefuchefu, na pengine anatapika. Kabla hujahesabu mpaka sitini, kimekwisha. Anakaa, anajifuta jasho, anaogopa. Mchana akiinama kufungua kamba ya mbuzi, kinarudi. Akiinua uso kutazama juu ya mnazi, kinarudi.

Hapa mpakani kwetu mtu huyu ataambiwa mambo mengi. Jirani mmoja atasema ana shetani kichwani. Wa pili atasema ni presha. Wa tatu atasema ni malaria, na atanunua vidonge dukani bila kupima damu. Fedha zinakwenda, kizunguzungu kinabaki.

Hasara yake ni kubwa. Mkwezi wa minazi akipatwa na jambo hili juu ya mnazi, ataanguka. Mvuvi wa Moa akisimama juu ya ngalawa kuvuta wavu, ataingia baharini. Bibi mzee akiinama kisimani ataanguka na kuvunjika nyonga. Mzee aliyevunjika nyonga kijijini mara nyingi hatembei tena. Wengine hufa kwa kulala muda mrefu.

Sasa, je, kizunguzungu hiki kinatoka wapi? Mara nyingi kinatoka ndani ya sikio. Na kinahusu chokaa.

SIKIO LINA KAZI MBILI

Sote tunajua kwamba sikio ni la kusikia. Lakini ndani kabisa, nyuma ya kiwambo cha sikio, limo sikio jingine dogo. Limefichwa ndani ya mfupa wa kichwa. Hilo huitwa sikio la ndani. Sehemu yake moja ni ya kusikia. Sehemu nyingine ni ya kutuambia kichwa kimekaaje: kimesimama, kimelala, kimeinama au kinageuka. Bila sehemu hiyo, usingeweza kutembea usiku wa giza ukiwa na ndoo ya maji kichwani.

Sehemu hiyo ina mirija mitatu iliyopinda kama vipete. Ndani ya mirija mna maji. Maji hayo hufanya kazi gani? Fanya jaribio hili. Chukua bakuli la maji. Tia vipande vichache vya machicha ya nazi. Ngoja maji yatulie. Kisha zungusha bakuli ghafla. Utaona bakuli limegeuka, lakini machicha yamebaki nyuma. Maji hayageuki mara moja pamoja na bakuli.

Ndivyo ilivyo sikioni. Ukigeuza kichwa, mirija inageuka lakini maji yanachelewa. Yanasukuma vinyweleo vidogo sana vilivyomo ndani. Vinyweleo vikipinda, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo: "Kichwa kinageuka." Kichwa kikitulia, maji yanatulia, na habari inakoma. Watoto wanaocheza kwa kujizungusha wanalijua jambo hili. Wakisimama, maji ya sikioni bado yanakwenda. Ndiyo sababu wanapepesuka na kucheka.

Chini ya mirija hiyo kuna vifuko viwili. Ndani yake mna ute mzito kama uji uliopoa. Juu ya ute huo pamelala mawe madogo sana, kwa maelfu. Kichwa kikiinama, mawe hayo huvuta ute kwa uzito wake. Hapo vinyweleo vinapinda na ubongo unajua kwamba tumeinama. Fundi mwashi hutumia pima maji kujua kama ukuta umesimama sawa. Mwenyezi Mungu ametutilia pima maji yetu ndani ya mfupa.

MAWE HAYA NI YA NAMNA GANI?

Ni mawe madogo mno. Ukipanga mia moja kwa mstari mmoja, urefu wake unafika milimita moja hivi. Huwezi kuyaona kwa macho matupu.

Lakini kitu kilichoyajenga unakijua. Ni kitu kile kile kilichojenga mapango ya Amboni, ambayo ni ya mawe ya chokaa. Ni kitu kile kile cha matumbawe ya baharini, ambayo wazee wa pwani waliyachonga wakajengea msikiti na makaburi ya Tongoni. Walipoyachoma tanuri walipata chokaa ya kujengea. Ganda la yai na kombe la pwani ni vya namna hiyo hiyo. Chukua ganda la yai, kamulia ndimu, utazame. Utaona mapovu madogo yanatoka. Hiyo ni alama ya chokaa ikikutana na kitu kikali.

Wavuvi wana ushahidi mzuri zaidi. Siku utakapokula kichwa cha changu mkubwa, usitupe fuvu. Lipasue taratibu, nyuma ya macho. Utakuta mawe mawili meupe, magumu, laini kwa kushika. Hayo ni mawe ya masikio ya samaki. Wataalamu wa uvuvi huyakata na kuhesabu miduara yake wajue samaki alikuwa na umri gani, kama tunavyohesabu miduara ya gogo. Samaki ana mawe machache makubwa. Sisi tuna punje nyingi ndogo. Kazi ni moja.

MAWE YAKIHAMA

Mawe haya yanatakiwa kukaa juu ya ute wake. Pengine baadhi hubanduka. Sababu ziko kadhaa. Mtu ameanguka na kugonga kichwa, au amepata ajali ya pikipiki. Mgonjwa amelala kitandani wiki nyingi. Au ni umri tu: baada ya miaka 50 mawe huanza kuchakaa na kumeguka. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Mawe yaliyobanduka huingia ndani ya mirija, hasa mrija wa nyuma, kwa kuwa uko chini kuliko mingine. Mle si mahali pake. Mtu akigeuka kitandani, mawe yanabingirika. Yakibingirika yanasukuma maji. Vinyweleo vinapinda. Ubongo unapata habari kutoka sikio moja kwamba kichwa kinazunguka kwa kasi. Sikio la pili linasema hapana. Macho nayo yanasema hapana. Ubongo unachanganyikiwa, na sisi tunaona nyumba inazunguka. Ukimtazama mgonjwa wakati huo, utaona macho yake yanarukaruka upande mmoja.

Mawe yakifika chini yanatulia. Ndiyo sababu kizunguzungu hiki hakifiki dakika moja. Akigeuka tena, yanabingirika tena.

Daktari mmoja wa Vienna, Robert Bárány, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa uchunguzi wake wa sehemu hii ya sikio. Mwaka 1921 alimweleza mgonjwa mwenye kizunguzungu cha kulala upande mmoja. Basi jambo hili limejulikana kwa waganga kwa miaka zaidi ya mia moja, na vijijini bado tunafukiza ubani.

CHOKAA YA MWILI INATUNZWAJE?

Hapa lazima twende polepole kidogo.

Mwili wa mtu mzima una madini ya chokaa, au kalsiamu, kiasi cha kilo moja. Karibu yote yamo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo sana iko katika damu, lakini sehemu hiyo ndogo ina kazi kubwa. Bila hiyo moyo haupigi sawasawa, misuli inakakamaa, na jeraha halikauki damu. Kwa hiyo mwili haukubali chokaa ya damu ipungue hata kidogo.

Mifupa ni ghala. Damu ni duka. Na mwenye ufunguo ni nani? Ni tezi nne ndogo za shingoni, kila moja kama punje ya mchele. Tezi hizi hupima chokaa ya damu usiku na mchana. Ikipungua, zinatoa amri. Zinaiamuru mifupa itoe akiba. Zinaziamuru figo zisiache chokaa ipotee kwenye mkojo. Zinaziamuru figo pia ziikamilishe vitamini D, ambayo huufanya utumbo ufyonze chokaa zaidi kutoka katika chakula.

Utaratibu huu ni mzuri kama ghala linajazwa. Lakini mtu anayekula ugali wa muhogo na mchuzi mwembamba kila siku anatoa bila kuweka. Mama mjamzito anatoa kwa ajili ya mtoto. Mama anayenyonyesha anatoa katika maziwa. Mwanamke akikoma hedhi, mifupa yake inaanza kutoa chokaa haraka kuliko zamani. Miaka inapita, mifupa inakuwa kama ubao ulioliwa na mchwa. Nje ni mzima, ndani ni mashimo.

Na mawe ya sikio? Hayo nayo ni ya chokaa, na yanahitaji kutunzwa. Maji yanayoyazunguka yana chokaa kidogo sana, kwa kipimo maalumu. Chembe hai za sikio ndizo zinazolinda kipimo hicho, na vitamini D inasaidia kazi hiyo. Waganga wa nchi nyingi wameona kwamba watu wenye mifupa dhaifu, na watu wenye upungufu wa vitamini D, hupatwa na kizunguzungu hiki zaidi kuliko wengine.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Korea Kusini. Wagonjwa 957 walikuwa wamekwisha kutibiwa kizunguzungu hiki, mawe yao yakarudishwa mahali pake. Waligawanywa makundi mawili. Katika kundi moja, waliopungukiwa vitamini D walipewa vidonge vyake pamoja na chokaa kwa mwaka mzima. Kundi la pili halikupewa. Kizunguzungu kilirudi katika makundi yote mawili, lakini katika kundi la kwanza kilipungua karibu robo. Robo si kitu cha kupigia ngoma. Lakini kwa bibi anayekwenda kisimani kila asubuhi, kuanguka mara tatu badala ya nne si jambo dogo.

TUTAPATA WAPI CHOKAA NA VITAMINI D?

Sisi wa pwani tuna bahati, ila hatuitumii. Dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa yao, wana chokaa nyingi. Wengi wetu tunawauza wote mjini tukabaki na mchuzi wa nazi. Tenga fungu la nyumbani kwanza. Maziwa na mtindi ni chakula bora cha chokaa. Majani ya mlonge na majani ya kunde yana chokaa. Mchicha unayo pia, lakini una kitu kinachoizuia isifyonzwe vizuri, basi usiutegemee peke yake. Uji wa ulezi una chokaa nyingi mara kadhaa kuliko uji wa mahindi. Mtu mzima anahitaji kiasi cha gramu moja ya chokaa kwa siku, kutoka katika vyakula mbalimbali.

Kuna wanaouliza: kama ni chokaa, kwa nini tusilambe ile ya tambuu? La, usifanye hivyo. Chokaa ya tambuu na ya ukuta imechomwa motoni. Ni kali, inaunguza kinywa na koo. Udongo wanaokula kina mama wajawazito nao hausaidii. Huleta minyoo na huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, mama akapungukiwa damu.

Usinunue vidonge vya chokaa na kuvimeza ovyo. Vikizidi vinaweza kuleta mawe ya figo.

Vitamini D huipati sana kwenye chakula. Ngozi yenyewe huitengeneza ikipigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa hapa Tanzania. Damu zao zilikuwa na vitamini D ya kutosha kabisa, kwa sababu maisha yao ni ya nje. Mkulima na mvuvi wa Mkinga hana wasiwasi. Mwenye wasiwasi ni mzee anayeshinda ndani, mgonjwa wa muda mrefu, na anayekaa dukani toka asubuhi mpaka usiku. Mama anayejistiri anaweza kukaa uani kwake, mikono na miguu ikiwa wazi, akichambua mchele juani. Na mzee wako mtolee mkeka nje asubuhi.

KURUDISHA MAWE MAHALI PAKE

Chakula hakirudishi mawe yaliyokwisha kuhama. Yanarudishwa kwa kugeuza kichwa kwa utaratibu. Njia inayotumika sana ilitungwa na daktari wa Marekani, John Epley, ambaye aliandika habari zake mwaka 1992. Wenzake wengi hawakumwamini mwanzoni, maana haina sindano wala kidonge.

Bibi mmoja alikuja zahanati ameshikwa na wajukuu wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeletwa kufa."

Alipolazwa akageuziwa sikio la kulia chini, macho yakarukaruka, akapiga kelele. Alipogeuziwa kushoto, kimya. Basi tukajua mawe yako kulia. Alipomalizika kugeuzwa aliuliza, "Na dawa je?" Aliambiwa dawa ndiyo hiyo. Hakuridhika. Alitaka sindano.

Utaratibu, kama sikio baya ni la kulia, ni huu. Mgonjwa anakaa juu ya kitanda, miguu imenyooka mbele. Mto unawekwa nyuma yake ili akilala uwe chini ya mabega. Anageuza uso kulia, nusu ya kufika begani. Analazwa chali upesi, uso ukiwa bado kulia na kichwa kimeshuka kidogo nyuma ya mto. Kizunguzungu kitakuja. Asiogope, mawe yanatembea. Angoje mpaka kiishe, kisha nusu dakika zaidi. Halafu uso unageuzwa kushoto bila kuinua kichwa. Angoje tena. Halafu anageuka mwili mzima kwa ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu. Angoje tena. Mwisho anainuka kukaa, taratibu, kidevu kimeinama. Kama sikio baya ni la kushoto, pande zote zinabadilishwa.

Wengi hupona kwa mara moja au mara chache. Lakini mara ya kwanza ufanyiwe na mganga, usigeuzwe na mtu asiyejua. Mwenye maumivu ya shingo, aliyeumia shingo, au aliyepata kiharusi asifanyiwe kabla ya kupimwa. Mkwezi asipande mnazi mpaka wiki nzima ipite bila kizunguzungu.

Usitie kitu chochote sikioni: si mafuta ya nazi, si maziwa ya mama, si maji ya majani. Mawe yako nyuma ya mfupa. Dawa hiyo haifiki, na sikio linaweza kuoza.

SI KILA KIZUNGUZUNGU NI MAWE

Kinachokuja ukisimama ghafla, macho yakaingia giza, pengine ni upungufu wa damu, njaa, au dawa za presha. Chenye homa kinataka kupimwa malaria. Chenye usaha wa sikio au uziwi wa ghafla kinataka mganga siku hiyo hiyo. Sindano za jentamaisini na streptomaisini zinaweza kuharibu vinyweleo vya sikio. Ukiwa unachomwa sindano hizo na ukaanza kupepesuka au kusikia mlio masikioni, sema mara moja.

Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwiliviwili, au kichwa kuuma kuliko siku zote, hicho ni cha hatari. Huenda ni kiharusi. Usingoje asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi, hata ikibidi afikishwe Bombo, Tanga.

Ukifika zahanati, mwambie mganga mambo haya: kizunguzungu kinakaa muda gani, kinakuja ukilalia upande upi, kama uligonga kichwa karibuni, na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Ukiweza, njoo na mtu aliyekuona wakati kimekushika, kwa sababu yeye aliyaona macho yako na wewe hukuyaona.